Aisha, Asha, Aicha: herufi zinavyomwita binti

*Wazazi hulitafuta jina la mtoto wa kike kwa miezi, kisha huliandika kwa dakika moja. Dakika hiyo ndiyo huamua ataitwaje na watu wasiomjua.*

Januari, mwalimu wa darasa la kwanza anafungua rejista mpya na hamfahamu hata mtoto mmoja aliyemo. Anachokifahamu ni maandishi. Anaita "Nyla". Katika Kiswahili, n na y zikikaa pamoja ni sauti ya nyota na nyumba, kwa hiyo kinachotoka kinywani mwake ni "Nyila". Hakuna anayeitika, kwa sababu nyumbani mtoto huyo anaitwa Naila. Anaita "Ameena", inatoka "Amena" yenye e ndefu. Anaita "Noor", inatoka "No-ori". Akifika mwisho wa orodha, watoto watatu wamewekewa alama ya utoro na wote wameketi mbele yake.

Kosa haliko kwenye majina yenyewe. Naila, Amina na Nuru ni majina yaliyozoeleka pwani na bara, na hakuna mwalimu ambaye yangemshinda. Wazazi wameyaandika kwa kanuni za Kiingereza, lugha ambayo ee husomwa i na oo husomwa u, kisha wakampa karatasi msomaji wa Kiswahili. Herufi ni maagizo kwa kinywa. Hoja ya makala haya ni kwamba maagizo hayo hayana budi kuandikwa kwa lugha ya atakayeyatii, na kwamba mzazi anayelipuuza hilo huwa anampa bintiye majina mawili pasipo kukusudia: la nyumbani, na jingine ambalo dunia itamwita.

Msomaji mtiifu

Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu karne nyingi kabla ya hizi za Kirumi. Katika maandishi yale ya kale alama moja ya irabu ilibeba i na e, na nyingine ikabeba u na o, hivyo msomaji alitakiwa alijue neno kabla ya kulitamka. Majina ya watu yalisomwa vivyo hivyo, kwa kumbukumbu ya sikio. Mambo yalibadilika karne ya 19, pale wamisionari kama Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, na Edward Steere wa Unguja walipoanza kuchapa Kiswahili kwa herufi za Kirumi, kila mmoja kwa namna yake. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulikubali Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikashika kazi ya kusawazisha tahajia.

Tahajia iliyotokana na kazi hiyo ni miongoni mwa zilizo nyoofu kuliko nyingi duniani. Irabu ni tano na kila moja ina sauti yake popote ilipo. Herufi c haisimami bila h, q na x hazimo kabisa, na mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Mtoto akishayajua hayo anasoma neno ambalo hajawahi kulisikia na analitamka sawa. Msomaji wa Kiingereza akikutana na jina geni husita, kwa kuwa lugha yake imemfundisha kutoziamini herufi. Wa Kiswahili hasiti. Anasoma alichokiona, na anakisoma kwa sauti ya uhakika, jambo ambalo ni heri kubwa kwa Rehema, Zawadi na Tumaini, na balaa kwa Chloe, ambaye atatamkwa kwa ch ya chai mpaka atakapojitetea mwenyewe.

Safari ya jina moja

Kuiona nguvu ya herufi, tulichukue jina la mke wa Mtume Muhammad na tulifuate Afrika Mashariki yote. Kwa Kiarabu linaanza na sauti ya 'ayn inayotoka kooni, likifuatiwa na a ndefu, na mkazo uko mwanzoni kabisa. Waswahili hawana sauti hiyo ya koo, kwa hiyo waliiacha. Wanaoliandika Aisha hulisoma kwa silabi tatu, na kwa kuwa mkazo wetu hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho, unahamia kwenye i: a-I-sha. Wanaoliandika Asha hulisoma kwa silabi mbili na mkazo unabaki kwenye a. Wako wanaoliona Asha kuwa jina lililokatwakatwa, la wasiosoma, na Aisha kuwa ndilo sahihi. Kwa upande wa mkazo ni kinyume chake, kwa maana Asha ndilo lililouacha pale Waarabu walipouweka. Sidai kwamba Aisha libadilishwe. Nasema tu kwamba usahihi unaohesabiwa kwa idadi ya herufi huweza kudanganya.

Pwani kuna Esha na Eshe pia, ambapo a na i zimeyeyuka na kuwa e. Sauti hizi za e zilikuwa za kawaida katika nyumba za Unguja, na tunao ushahidi uliochapwa. Binti wa Sultani Said aliyezaliwa mwaka 1844 na kufahamika baadaye kama Emily Ruete alichapisha kumbukumbu zake Berlin mwaka 1886, kwa Kijerumani, na jina lake la utotoni likaandikwa Salme. Wanawake wengi wenye jina hilo leo wanaitwa Salma. Yeye peke yake, popote anapotajwa, katika vitabu, makumbusho na midomo ya watembeza wageni wa Mji Mkongwe, amebaki kuwa Salme, kwa sababu ya herufi moja iliyowekwa kwenye karatasi zaidi ya miaka 130 iliyopita.

> Binti mmoja, jina moja: Aisha mjini Dar es Salaam, Caasha kwa tahajia ya Kisomali, Aicha mjini Bujumbura, Echa visiwani Komoro.

Ukivuka kwenda Burundi, Rwanda au mashariki ya Kongo, jina hilohilo huandikwa Aicha, kwa kuwa Kifaransa kinaandika ch pale sisi tunapoandika sh. Kinywa cha mama wa Bujumbura na cha mama wa Kigoma hutoa sauti ileile. Macho ndiyo yanayotofautiana. Lakini Aicha akivuka na cheti chake hadi Tanzania, anapata sauti ya chapati ambayo hajawahi kuwa nayo. Komoro mambo yamekwenda mbali zaidi: Mwanaisha wetu huandikwa Moinaecha, na Fatuma huandikwa Fatouma, ambalo msomaji wa Unguja, akiwa mtiifu kama alivyofundishwa, atalikata "Fa-to-u-ma". Wasomali nao, walipopata herufi rasmi za Kirumi mwaka 1972, waliipa herufi c kazi ya 'ayn na x kazi ya h nzito ya Kiarabu. Aisha akawa Caasha, Halima akawa Xaliimo. Kwa msomaji wa Kisomali ni tahajia safi isiyo na utata. Kwa karani wa Nairobi ni fumbo, ndiyo maana Wasomali wa Kenya wengi huandikisha Asha na Halima katika hati zao na kuziacha c na x kwa matumizi ya lugha yao. Huo si udhaifu. Ni watu walioelewa kwamba jina lina wasomaji wa aina mbili, wakampa kila mmoja maagizo anayoyaelewa.

Herufi zisizodhuru na zinazodhuru

Si kila herufi ya ziada ina madhara, na hapa wakosoaji wa majina ya kisasa huwa wanakasirika bure. H ya mwisho katika Aminah na Halimah haisomwi na mtu, ni pambo. S mbili katika Hassan hazijamzuia yeyote kulitamka jina la tatu la Rais wa Tanzania. Maryam na Mariam hutofautiana kwa macho tu, sikio halioni kitu. Irabu tunayoiongeza mwishoni, Mariamu na Zainabu, hiyo ina kazi kubwa zaidi, kwa sababu inaongeza silabi na kuuvuta mkazo: Mariamu unasikika kwenye a, Zainabu kwenye na. Bado hata hapo hakuna aliyepotea njia, maana wasomaji wote wanajua jina ni lipi, na Biblia ya Union Version iliyochapishwa mwaka 1952 imezoesha vizazi viwili vya Wakristo umbo la Mariamu kama Waislamu walivyolizoea.

Zinazodhuru ni zile ambazo Kiswahili kimezipa kazi nyingine. Ee na oo ni mfano mmoja. Ny ya Nyla na Nyra ni mfano mbaya zaidi, kwa kuwa haitoi hata dalili kwamba kuna tatizo. Msomaji anaona ny, anatamka ny, anaendelea. Ch ya Chantal na Chloe iko kundi hilohilo. Aaliyah, jina lililosambazwa na mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 2001, lina a mbili ambazo Mswahili atazivuta kana kwamba ni silabi mbili, ilhali Alia au Aliya lingemfikisha palepale kwa herufi chache.

Lipo pia dhara la herufi inayokosekana. Katika Kijaluo, binti aliyezaliwa mchana ni Achieng', na alama ile ndogo ya mwisho si uchafu wa kalamu: ndiyo inayotenganisha ng' ya ng'ombe na ng ya ngoma. Ikidondoka, msomaji asiye Mjaluo humalizia kwa g ngumu ambayo mama hakuitia. Ng'endo wa Wakikuyu hudondokewa na alama hiyohiyo. Kikuyu kina irabu saba, na mbili kati yake huandikwa ĩ na ũ. Mũthoni, likiandikwa kwa ukamilifu, lina irabu ya kwanza iliyo karibu na o, na th yake hutamkwa kama dh yetu. Ukiondoa kistari kilicho juu ya u na kumpa msomaji wa Kiswahili "Muthoni", atasoma u ya muhogo na th ya thelathini, sauti mbili zisizokuwemo. Wanjikũ, Wambũi, Wairimũ, Wangarĩ, yote hayo ni majina ya mabinti wa Mũmbi katika masimulizi ya asili ya Wakikuyu, na yote huvuliwa alama zake kwenye fomu nyingi.

Anayedhani herufi moja ni jambo dogo amsome Wangari Maathai, mshindi wa Tuzo ya Nobeli ya Amani ya mwaka 2004. Katika kitabu chake cha mwaka 2006 anaeleza kwamba baada ya kuachana na mumewe alitakiwa aliache jina la Mathai. Aliongeza a moja. Jina likakaribia zaidi linavyotamkwa kwa Kikuyu, na papo hapo likawa lake mwenyewe.

Nigeria inatupa mfano mwingine wa alama iliyopotea, na huu uliishia ng'ambo. Mwimbaji Sade alizaliwa Ibadan mwaka 1959 akiitwa Helen Folasade Adu. Kwa Kiyoruba s hiyo ina nukta chini yake na husomwa sh. Nukta ilipoachwa, wasikilizaji wa nje hawakujua waanzie wapi, na maelekezo ya matamshi yaliyosambaa pamoja na umaarufu wake kuanzia mwaka 1984 yaliandikwa "Shar-day". Kwa Waingereza wa kusini r hiyo haitamkwi, kazi yake ni kuirefusha a. Wamarekani wengi huitamka. Kwa hiyo wapo mabinti waliozaliwa Marekani baada ya hapo wakaandikishwa Sharday na Shardae, wakiwa na r ambayo haikuwahi kuwemo katika jina la Kiyoruba. Nukta moja ilidondoka, r ikaota mahali pake.

Karatasi hairudi nyuma

Kwa nini haya yawe mjadala wa gazeti badala ya mazungumzo ya ukumbini? Kwa sababu jina haliandikwi mara moja. Huandikwa kwenye kadi ya kliniki, kisha kwenye cheti cha kuzaliwa, kisha rejista ya shule, fomu ya mtihani, kitambulisho cha taifa, na kila mara huandikwa na mtu mwingine. Mara nyingi mtu huyo hana karatasi iliyotangulia mbele yake, ana sikio. Akisikia "Naila" ataandika Naila, na cheti cha Nyla kitakuwa kimezaa mtu wa pili. Tahajia inayoupotosha mdomo ndiyo hiyohiyo inayolipotosha sikio la karani anayefuata.

Bili ya kutofautiana huko huja miaka 18 baadaye. Tanzania Bara, mwombaji wa mkopo wa elimu ya juu hutakiwa kuwa na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili, na majina yasipolingana na vyeti vya shule huanza msafara wa wakili, hati ya kiapo na mihuri. Nchini Kenya, Gazeti Rasmi la Serikali hutoa matangazo ya watu waliobadili majina kisheria, na baadhi ya mabadiliko hayo ni ya herufi moja au mbili. Kompyuta haina busara ya jirani. Kwake Aysha na Aisha ni watu wawili hata kama wana baba mmoja, babu mmoja na siku moja ya kuzaliwa.

> Upekee ulioko kwenye tahajia pekee hausikiki. Huonekana kwa kompyuta tu, nayo huuhesabu kuwa kosa.

Wanaopinga wana lao

Pingamizi la kwanza, na zito kuliko yote, ni la dini. Wazazi Waislamu husema kwamba kuliswahilisha jina ni kulipoteza, na mfano wanaoupenda ni Zahra, lakabu ya Bi Fatima, linalogeuka Zuhura. Wako sahihi kwamba hayo ni majina mawili tofauti; Zuhura ni ile nyota ing'aayo alfajiri na jioni. Ila hapo aliyekosea alibadili jina zima, hakulitohoa. Zahra likitoholewa linakuwa Zahara, na maana inabaki. Kuhusu sauti zenyewe, tahajia ya Kiswahili haiwezi kuibeba 'ayn hata ukiweka a tatu, na anayelisoma jina la Aisha msikitini hulisoma kwa Kiarabu, hasomi cheti cha kuzaliwa. Kh ni suala jingine. Unguja, Pemba na Mombasa sauti hiyo ipo kinywani, kwa hiyo Khadija na Khamis waandikwe hivyo hivyo. Bara, ambako wengi hawaitamki, Hadija na Hamisi wameishi kwa heshima zao zote. Kanuni inamfuata msomaji wa mahali.

Pingamizi la pili ni la safari: mtoto ataishi London au Minneapolis, kwa nini aandikiwe Kiswahili? Hili lina nguvu pale tu ambapo safari ni ya hakika. Hata hivyo Waingereza wenyewe wameshaonyesha kwamba wanafundishika. Mwigizaji Saoirse Ronan hakubadili hata herufi ya jina lake la Kiayalandi, na mabinti wanaoitwa Niamh, ambapo mh husomwa v, wanaishi na kufanya kazi miongoni mwa Waingereza bila kujiandika upya. Msomaji aliyezoea kusita huuliza. Kwa hiyo Amina wa Kiswahili yuko salama zaidi kwa Mwingereza kuliko Ameena alivyo salama kwa Mswahili.

Pingamizi la tatu linanishinda kwa kiasi. Wanauliza: mbona Joyce, Grace na Eunice wameandikwa Kiingereza miaka yote na hakuna anayewasoma vibaya? Ni kweli. Hakuna anayemwita Eunice kwa kufuata herufi zake, japo Biblia ya Kiswahili inamwandika Eunike. Majina hayo yalikuja na shule za misheni, na kila darasa lilikuwa na wawili watatu wa jina hilo, sikio likazoea kabla ya jicho. Hata hivyo Irene bado anayumba kati ya Airini na Ireni baada ya miaka yote hiyo. Nyla pia linaweza kuzoeleka likipewa vizazi viwili. Mtoto anayeanza shule Januari hii hana nafasi ya kuvisubiri.

Hamu ya upekee nayo huwa inatajwa, na kwangu ndiyo dhaifu kuliko zote. Waswahili wana njia ya zamani ya kumtofautisha binti na wenzake: jina lake, la baba, la babu. Anayetaka zaidi ya hapo achague jina lisilo la kila siku, Chausiku au Mwanakombo, maana kumpa mtoto Aysha kwa ajili ya y ni kumpa pambo ambalo halisikiki kamwe.

Pale kanuni inapokwama

Upande wa serikali una kazi pia, hasa kwa ng', ĩ na ũ. Mara nyingi jibu ni kwamba mfumo haukubali alama hizo. Ni kweli kwamba mistari miwili ya chini ya pasipoti, ile inayosomwa na mashine, kwa kanuni za kimataifa huchukua herufi A hadi Z tu, bila kistari juu wala alama ya juu. Lakini sehemu ya juu ya ukurasa huohuo, inayosomwa na binadamu, haifungwi na kanuni hiyo, wala cheti cha kuzaliwa hakifungwi nayo. Kumwandika Achieng' kwa ukamilifu kwenye cheti ni uamuzi wa ofisi na wa anayenunua programu. Na msajili yeyote anaweza kuanza kesho na jambo lisilohitaji bajeti: kulisoma jina kwa sauti mbele ya mzazi kabla ya kugonga muhuri. Mama akimsikia msajili akisema "Nyila", atajua kazi aliyoifanya kalamu yake.

Iko hali moja ambayo ushauri wa makala haya hauifai. Katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongo na kupokea Warundi wengi kuanzia mwaka 2015, wapo watoto walioletwa na vyeti vilivyoandikwa kwa kanuni ya Kifaransa. Ukimwandika Aicha upya kuwa Aisha ili mwalimu amtamke vizuri, umemtenganisha na cheti alichotoka nacho, na kwa familia ya wakimbizi karatasi zinazolingana huenda ndizo mali pekee iliyovuka nao. Hapo ch ibaki ilivyo, na anayepaswa kujifunza kwamba husomwa sh ni mwalimu.